Chakula cha Msituni: Soko, Uzio au Haki?

Mwananchi anayeishi kando ya msitu wa mvua husikia kauli mbili zisizopatana. Afisa wa hifadhi humwambia kwamba kikapu chake cha uyoga, matunda au mboga za porini kinauumiza msitu, hivyo aache kuingia. Mtaalamu wa mradi humwambia kinyume chake: avune zaidi, asajili kikundi, atafutiwe mnunuzi wa nje, kwa sababu mavuno hayo ndiyo yatakayoufanya msitu uwe na thamani kuliko shamba au mbao. Mlaji wa mjini naye huuziwa pakiti yenye picha ya mti na ahadi kwamba kila akinunua ameuokoa msitu.

Kauli zote hizo zina kiasi fulani cha ukweli, na ndiyo maana zinachanganya. Kosa linaanza pale kila upande unapolichukua zao moja na kulifanya kipimo cha mazao yote. Uchambuzi huu unaanza na chimbuko la mjadala, kisha unazipima hoja nne zinazoshindana kwa kutumia mifano ya Amazoni, bonde la Kongo na milima ya Usambara.

Mjadala ulikotoka

Mjadala wa sasa ulipata nguvu katika jimbo la Acre, magharibi mwa Brazili. Miaka ya 1970 na 1980 wafugaji wakubwa walijinyakulia ardhi huko na kufyeka msitu ili wapate malisho. Waliokuwa wakiishi humo ni wagema mpira, watu ambao msimu wa mvua ukifika huacha utomvu na kuokota njugu za Brazili. Walijiunga katika vyama vyao, wakaenda na wake na watoto kusimama mbele ya misumeno. Kiongozi wao aliyejulikana zaidi, Chico Mendes, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake katika mji wa Xapuri tarehe 22 Desemba 1988.

Mauaji hayo yalisikika dunia nzima. Mwaka 1990 serikali ya Brazili ilianza kutenga hifadhi za uvunaji. Ardhi hubaki mali ya dola, wenyeji hupewa haki ya kuishi humo na kuvuna, na mfugaji wa nje hana nafasi. Hifadhi iliyopewa jina la Chico Mendes ina karibu hekta 970,000.

Wakati huohuo hoja ya haki ilipata mwenzake wa kiuchumi. Mwaka 1989 Charles Peters, Alwyn Gentry na Robert Mendelsohn walichapisha katika jarida la Nature hesabu ya hekta moja ya msitu karibu na kijiji cha Mishana, Peru. Walikadiria kwamba matunda na utomvu wake vingeuzwa kwa karibu dola 700 kwa mwaka, na kwamba kwa muda mrefu mapato hayo yangeyashinda ya mbao na ya ng'ombe. Makala hiyo fupi iliwapa wahifadhi silaha mpya: kumbe msitu unaweza kujilipia.

Wakosoaji hawakukawia. Hesabu ile ilitumia bei za soko la Iquitos, mji ulio karibu na unaofikika kwa mto. Hekta iliyo mbali na maji haina bei hiyo, kwa sababu matunda huoza kabla ya kufika. Tena, wakulima wote wa eneo wakipeleka matunda yaleyale sokoni kwa wakati mmoja, bei itaanguka. Mabishano hayo ya mwaka 1989 hayajaisha. Yamehamia tu kwenye mazao mengine.

Kinachokatwa na kinachoachwa

Kabla ya kuzipima hoja za watu, inafaa kuutazama mmea wenyewe. Swali la kwanza la uendelevu ni hili: mvunaji anachukua sehemu gani? Anayechukua tunda lililoanguka amechukua yai. Anayechimba mzizi, kubandua gome lote au kukata kilele amemla kuku.

Njugu za Brazili ni mfano wa yai. Mti wake hufika urefu wa mita 50 na huishi mamia ya miaka. Tunda lake, gumu mithili ya kifuu, linaweza kufika kilo mbili, nalo huanguka lenyewe wakati wa mvua. Mvunaji huliokota chini na kulipasua kwa panga. Maua yake huchavushwa na nyuki wakubwa wa msituni, na mbegu zake hufukiwa na aguti, mnyama mgugunaji ambaye husahau baadhi ya akiba yake nayo ikaota. Kwa hiyo mti huu unauhitaji msitu unaouzunguka. Majaribio ya kuulima katika mashamba makubwa yametoa mavuno haba.

Hata hivyo, yai nalo likichukuliwa kila siku hakuna kifaranga. Mwaka 2003 timu iliyoongozwa na Carlos Peres ilichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa maeneo 23 ya njugu hizo nchini Brazili, Peru na Bolivia. Pale ambapo mavuno yalikuwa makali kwa miongo mingi, miti michanga ilikuwa michache mno. Uchunguzi wa baadaye ulileta nafuu: katika baadhi ya maeneo machipukizi ni ya kutosha, hasa kwenye mashamba yaliyoachwa yapumzike, kwa kuwa mche wa mti huu hupenda mwanga. Kwa hiyo zao moja, likivunwa kwa njia moja, laweza kuwa endelevu kijiji hiki na lisiwe endelevu kijiji cha pili.

Mukombero wa Kakamega, Kenya, uko upande wa pili. Kinacholiwa ni mzizi wake, hutafunwa kwa ladha yake na kwa sifa ya kuongeza nguvu. Mahitaji yalipopanda, wachimbaji waliumaliza katika sehemu nyingi za msitu, hadi wakulima wakaanza kuuotesha mashambani. Katikati kuna fumbwa wa bonde la Kongo, mtambaazi ambao majani yake hukatwa laini na kupikwa. Majani yakichumwa kwa kiasi, mmea huchipua tena. Lakini mchumaji mwenye haraka huvuta mtambaazi mzima chini au huangusha mti unaoubeba. Nchini Kameruni, ambako mboga hiyo huitwa eru, shehena kubwa husafirishwa kwenda Nijeria, na wachumaji hulazimika kuingia ndani zaidi mwaka hadi mwaka.

Hoja ya kwanza: soko litauokoa msitu

Wanaotetea soko husema kwamba mtu hatunzi kisichomlipa. Njugu zikiwa na bei nzuri, mwenye eneo hatauuza msitu kwa mfugaji. Pando, kaskazini mwa Bolivia, ni ushahidi wao mkuu. Bolivia ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza nje njugu za Brazili zilizobanguliwa, na mji jirani wa Riberalta huishi kwa viwanda vya kubangua. Kwa familia nyingi za Pando, fedha za msimu wa njugu ndizo zinazolipa ada za shule na kununua mahitaji ya mwaka, na sehemu kubwa ya msitu wa Pando bado imesimama.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba soko halina ndoa na msitu. Mwaka 2017, baada ya ukame ulioambatana na El Niño, mavuno ya njugu yalishuka vibaya. Bei ilipaa, wanunuzi wakahamia kwenye korosho na lozi, na mavuno yaliporejea bei ilianguka. Mvunaji aliumia mara mbili bila kosa lake. Kanuni nazo zina uzito wake: Ulaya ilipobana viwango vya sumukuvu mwishoni mwa miaka ya 1990, njugu za Brazili zenye maganda zilipoteza soko, na Bolivia, yenye viwanda vya kubangua na kupima, ikachukua nafasi.

Kuna pia swali la nani anakula faida. Wavunaji wengi huingia msituni wakiwa tayari wana deni. Mlanguzi huwakopesha chakula na vifaa mwanzo wa msimu, kisha hujilipa kwa njugu kwa bei anayoipanga mwenyewe. Mfumo huo ni wa tangu enzi za mpira. Bei ya London ikipanda, mwenye deni anaweza asijue kabisa.

Hoja ya pili: hamishieni shambani

Mwanauchumi Alfredo Homma, wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya Brazili, Embrapa, amekuwa mkosoaji asiyechoka wa matumaini ya uvunaji. Kwa maelezo yake, zao la porini hupita hatua nne: mahitaji hupanda na mavuno yakaongezeka, kisha yanafika kilele, kisha yanapungua kwa kuwa msitu hauwezi kuongeza kasi, mwishowe mtu anaufuga mmea shambani na wavunaji wa msituni wanashindwa kwa bei. Mpira ndio shahidi wake. Mwaka 1876 Henry Wickham alisafirisha mbegu za mpira zipatazo 70,000 hadi London. Miti iliyotokana nazo ilipokomaa katika mashamba ya Asia, biashara ya mpira ya Amazoni ilianguka ndani ya miaka michache.

Nguvu ya hoja hii ni uhalisia wake. Asiyekubali kwamba mafanikio ya zao huzaa ushindani wa shamba anawadanganya wanakijiji. Tena kilimo kinaweza kuupumzisha msitu, kama mukombero unavyoonyesha.

Lakini shamba nalo lina gharama yake. Asai ni tunda dogo jeusi la mti wa jamii ya mchikichi unaoota kwenye mabonde ya mafuriko katika jimbo la Pará, Brazili. Kwa vizazi vingi uji wake mzito umekuwa chakula cha kila siku cha watu wa mitoni, wakiula na unga wa muhogo na samaki. Tangu miaka ya 2000, walaji wa miji mikubwa ya Brazili, Marekani na Ulaya waliupenda, na bei ikapanda. Familia za mitoni zilipata kipato ambacho hazikuwahi kukiota. Mmea wenyewe ni mkarimu: hutoa mashina mengi kwenye kichaka kimoja, hivyo hata anayekata shina moja kwa ajili ya kichilema, yaani moyo laini wa kilele chake, hajaua kichaka. Ila sasa wakulima wengi wanaondoa miti mingine ili asai ijazane, na watafiti wamepima kupungua kwa aina za miti katika maeneo hayo. Kwa mbali ni kijani tupu. Ukikaribia, ni zao moja. Na maskini wa mji wa Belém, hukohuko Pará, ambaye asai ilikuwa chakula chake na si kiburudisho, hulazimika kushindana kwa bei na mnunuzi wa ng'ambo.

Hoja ya tatu: wekeni uzio

Kundi la tatu linasema kila mavuno ni mwanzo wa kumaliza, kwa hiyo msitu ufungwe. Hoja hii hubezwa mno, ingawa kwenye nyama ina uzito wa kweli. Wanyama wa msitu wa mvua huzaana polepole. John Robinson na Elizabeth Bennett walikadiria kwamba msitu wa aina hiyo hauwezi kulisha kwa kudumu zaidi ya mtu mmoja kwa kila kilometa ya mraba ikiwa anategemea nyamapori. Huko Kongo, vijiji vingi vimeshavuka kiwango hicho kwa mbali, na kitoweo kinachosafirishwa kwenda mijini huzidisha mzigo. Wanyama wakiisha, mbegu za miti mingi hukosa wa kuzitawanya. Kwa hiyo msitu uliobaki na miti mitupu umeshaanza kufa.

Udhaifu wake ni kuchanganya nyama na tunda, na kumchanganya mfanyabiashara na mlaji. Wambuti wa msitu wa Ituri, huko Kongo, wameishi kwa asali, viazi vikuu vya porini, uyoga na mawindo ya nyavu kwa karne nyingi. Huko Amazoni, miti ya njugu mara nyingi hujazana karibu na makazi ya kale, jambo linaloashiria kwamba binadamu walisaidia kuieneza. Mwenyeji anapofungiwa nje, msitu hupoteza mlinzi asiyelipwa mshahara, na anayeingia usiku na msumeno hakuti mtu wa kumuuliza.

Uzio pia hugusa sahani. Mwaka 2014 Amy Ickowitz na wenzake walilinganisha takwimu za lishe za watoto katika nchi 21 za Afrika na wingi wa miti mahali wanapoishi. Waliona kwamba palipo na miti zaidi, mlo wa mtoto huwa na aina nyingi zaidi za vyakula. Uhusiano wa takwimu pekee hauthibitishi chanzo, lakini unamtaka afisa afikiri kabla ya kunyang'anya kikapu cha mboga.

Hoja ya nne: haki kwanza

Kundi la nne, warithi wa wagema mpira, linasema swali la soko ni la pili. La kwanza ni nani ana mamlaka ya kusema "hapana" kwa mtu wa nje. Bila mamlaka hayo, kujizuia ni ujinga: tunda utakaloliacha leo ataliokota mwingine jioni, tena bichi. Ndiyo maana Bolivia ilizipa jamii za Pando ardhi kwa kipimo cha hekta 500 kwa familia, nayo Peru ikagawa maeneo ya njugu kwa leseni za muda mrefu katika jimbo la Madre de Dios.

Hata hivyo, hati haishibishi. Ndani ya hifadhi ya Chico Mendes yenyewe, bei ya mpira ilipoanguka, wakazi wengi waliongeza ng'ombe, na ukataji umeendelea miaka yote. Sababu haifichiki: ng'ombe ni akiba inayotembea yenyewe hadi sokoni, huuzwa mwezi wowote mtoto akiugua, wakati njugu zina msimu mmoja. Haki bila kipato humwacha mwenyeji akilinda mali isiyomtunza.

Faida hupimwaje?

Utafiti mpana zaidi uliofanywa kuhusu kipato cha msituni ulikusanya takwimu za kaya zipatazo 8,000 katika nchi 24 zinazoendelea, chini ya CIFOR, shirika la kimataifa la utafiti wa misitu. Matokeo yake, yaliyotolewa mwaka 2014, yalionyesha kwamba asilimia 28 ya kipato cha kaya hizo ilitoka kwenye mazingira asilia, na zaidi ya robo tatu ya sehemu hiyo ilitoka misituni. Sehemu kubwa ilikuwa kuni na chakula, vingi vikiwa vya matumizi ya nyumbani.

Mambo mawili katika utafiti huo hupunguza maneno matamu. Maskini hutegemea msitu zaidi kwa asilimia ya kipato chake, lakini mwenye uwezo huvuna zaidi kwa thamani, kwa sababu ana nguvu kazi, vifaa na chombo cha kusafirishia. Pili, kaya zilizopatwa na msiba au ukame hazikukimbilia msituni kwa kiwango kilichodhaniwa. Nyingi zilitafuta vibarua au ndugu. Basi msitu ni nguzo ya kila siku zaidi kuliko bima ya siku ya janga, na mradi usiomtazama maskini kwa makusudi utamnufaisha jirani yake mwenye pikipiki.

Usambara Mashariki: mizani ya nyumbani

Tanzania ina mfano unaozikutanisha hoja zote nne. Katika misitu ya Amani na vijiji vinavyoizunguka huota msambu, mti ambao mbegu zake zina mafuta yanayoganda. Wenyeji waliyajua zamani. Kuanzia miaka ya 2000 wakaja wanunuzi wa kimataifa waliotaka mafuta hayo kwa siagi ya mimea, na mwaka 2008 Umoja wa Ulaya ukayaruhusu kuwa chakula. Kinachookotwa ni tunda lililoanguka, kwa hiyo kwa upande wa mmea hali ni nzuri.

Lakini msambu una jinsia mbili katika miti tofauti. Mkulima akikata miti dume kwa kuwa haizai, baada ya muda majike nayo hupungukiwa matunda. Mti hukawia miaka mingi kabla ya kuzaa, hivyo kuupanda kunamhitaji mtu mwenye uhakika wa ardhi. Na soko linaloegemea mnunuzi mmoja mkubwa humwacha muuzaji bila sauti ya bei.

Ulinganishe na iliki ya milima hiyohiyo. Hilo nalo ni zao la kivulini, na kwa macho ya mbali lilionekana rafiki wa msitu. Ili kulipanda, wakulima walifyeka vichaka vya chini. Miche ya miti ikakosa pa kukulia, rutuba ikashuka, na baada ya miaka kadhaa sehemu nyingi ziligeuzwa mashamba ya wazi. Mazao mawili, mlima mmoja, matokeo mawili. Kivuli peke yake hakithibitishi uendelevu.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliipa Tanzania chombo muhimu: kijiji kinaweza kumiliki msitu wake wa hifadhi, kuweka kanuni zake na kutoza faini. Katika hifadhi za serikali, ikiwamo Amani iliyotangazwa mwaka 1997, mwenyeji huingia kwa ruhusa. Tofauti kati ya kumiliki na kuruhusiwa ndiyo inayoamua nani atapanda mti utakaozaa baada ya muongo mzima.

Mizani

Hoja ya soko ina ukweli kwa mazao yanayokaa bila kuoza, yanayookotwa bila kuua mmea, na yenye viwanda karibu na msitu. Hoja ya shamba ina ukweli kwa mizizi, magome na kila zao ambalo mahitaji yake yamezidi kasi ya msitu. Hoja ya uzio ina ukweli kwa wanyama wazaao polepole na kwa maeneo yaliyokwisha kuchoka. Zote tatu, hata hivyo, huanguka mahali ambapo hakuna mwenye mamlaka yanayoheshimiwa: soko hugeuka uporaji, shamba la mzizi halizuii uchimbaji wa porini, na uzio hulindwa kwa karatasi.

Kwa hiyo haki ya jamii haina budi kutangulia, ikifuatwa na kanuni za uvunaji zinazopimwa kila msimu, kisha soko. Soko lenyewe lianze na la karibu. Mboga, uyoga na asali vinavyoliwa kijijini na kuuzwa mji wa jirani haviwezi kukosa soko kwa sababu ya kanuni iliyobadilishwa Brussels. Zao la ng'ambo liwe nyongeza, na ubanguaji au ukamuaji ufanyike hapohapo, kwa sababu thamani kubwa huongezeka baada ya tunda kutoka msituni.

Kwa muhtasari

Chakula cha msituni kinaweza kumlisha mwenyeji na kuuacha msitu umesimama, lakini hakifanyi hivyo chenyewe. Hakijawahi kuwa njia ya haraka ya kutajirika, na anayekiuza kwa ahadi hiyo anaandaa hasira ya kesho. Faida yake ya uhakika ni mlo wenye aina nyingi, kipato cha nyongeza, na sababu ya jamii kudai ardhi yake.

Kabla halmashauri ya kijiji haijatia saini mkataba wa kuuza zao lolote la msituni, iulize maswali matatu. Tunachukua sehemu gani ya mmea, na nani atahesabu miche kila mwaka? Tuna uwezo wa kisheria wa kumzuia mtu wa nje? Mnunuzi huyu akiondoka mwaka kesho, tutamuuzia nani au tutakula wenyewe? Swali lolote kati ya hayo likikosa jibu, mkataba usubiri.